Mumtaz Yuko Darasani

Jumanne ya pili ya Novemba, saa nne kasorobo asubuhi, Shafina alikuta kopo la chakula la binti yake limesahauliwa juu ya meza ya jikoni, kando ya sinia la unga. Ndani mlikuwa na mkate wa jibini, vipande vya tango, na sambusa mbili za nyama alizozifunga kwenye karatasi ili zisilowe. Aliliinua, akasonya. Akavaa koti la baridi, akajizungushia shali shingoni.

"Nafika shuleni mara moja," alimwambia Mumtaz, aliyekuwa amesimama mbele ya jiko anabandua manda, zile chapati nyembamba za kukunjia sambusa. "Usiache chuma kikapata moto mwingi."

"Sawa, Mami," Mumtaz akasema.

Mami ndivyo wanavyoita mke wa mjomba kule Gujarat, na Mumtaz alitoka huko. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama yake, Khatun, alikuwa dada wa Malek, na Malek ndiye mume wa Shafina. Khatun alizaliwa Mwanza kama kaka yake, lakini akaolewa India, katika mji mdogo wa viwanda vya karanga, na mume wake akafa mapema. Mwezi wa nane mwaka huo alimpandisha mwanawe ndege aje Toronto kwa mjomba wake, akasome. Hilo ndilo neno lililosemwa kwenye simu, na lilisemwa mara nyingi: akasome.

Mumtaz alipofika, Shafina alisema kwanza karatasi zake za uhamiaji zitengemae. Wakati karatasi zinasubiriwa, kulikuwa na sambusa. Shafina alipika sambusa kwa ajili ya maduka matatu ya mtaani kwao, Agincourt, na kwa yeyote mwenye shughuli, na manda zinataka vidole vyembamba, maana ukizibandua kwa pupa zinachanika. Septemba ikapita, Oktoba ikapita. Hakuna aliyeuliza karatasi zimefikia wapi.

Shule ilikuwa mwendo wa dakika kumi na mbili, unapita nyuma ya maduka na kukata uwanja wa kuegesha magari wa kanisa la Wachina. Karani wa ofisi alimpa Shafina kibandiko cha mgeni, akamwonyesha korido. Mlango wa darasa la sita ulikuwa na kioo kirefu katikati. Shafina alichungulia, akamwona Rahima wake safu ya tatu, ameegemeza shavu kwenye kiganja. Nyuma kabisa, karibu na dirisha, akamwona Mumtaz.

Alikuwa amevaa aproni ile ile ya kahawia. Mikono ya sweta alikuwa ameipandisha mpaka kwenye viwiko, vile vile alivyokuwa ameipandisha dakika kumi na mbili zilizopita. Mwalimu aliuliza kitu, na Mumtaz akainua mkono.

Shafina hakushangaa. Alisimama pale na kopo lake, akasikia kitu kimemkwama kooni kama mwiba wa samaki. Kilichomkwama ni kwamba Mumtaz ameinua mkono na Rahima hakuinua.

Mwalimu, Bi. Ferreira, alipomwona alitoka nje na kuuvuta mlango nyuma yake. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake inaning'inia kifuani kwa mnyororo.

"Afadhali umekuja," akasema. "Nilitaka kukupongeza kwa ajili ya Mumtaz."

"Alianza lini?"

"Siku ya kwanza ya muhula. Nilipoingia alikuwa ameshakaa. Jina lake halikuwemo kwenye orodha, lakini ofisi walisema mtoto akiwa kitini aandikwe. Tukamwandika." Bi. Ferreira alijifuta kidole kwenye sketi. "Kuna jambo moja tu. Dawati lake lina unga. Kila siku tunalipangusa, na kesho yake unga upo tena."

"Nitamwambia anawe," Shafina akasema, akamkabidhi kopo.

Alirudi kwa haraka kuliko alivyokwenda. Mumtaz alikuwa pale pale mbele ya jiko, na rundo la manda kando yake limepanda mpaka karibu na kiwiko.

"Uko wapi wewe?" Shafina akauliza kwa Kigujarati, maana Kiswahili Mumtaz alikuwa bado anaokoteza.

"Niko hapa, Mami."

"Na shuleni?"

"Huko pia niko."

"Nani kakupeleka?"

"Hakuna. Siku ile tulipompeleka Rahima, Mjomba alinionyesha jengo kupitia dirisha la gari, akasema shule yenyewe ndiyo ile. Tuliporudi nikashika unga, nikawa nafikiria mlango wake kwa ndani ukoje. Halafu nikawa ndani." Alibandua manda nyingine, akaiweka juu ya rundo. "Kazi sijaacha, Mami. Hesabu mwenyewe."

Shafina alihesabu. Kazi ilikuwa kamili.

Jioni, wakati wa chakula, alimweleza mume wake. Malek alikuwa wakala wa bima, mtu wa kusikiliza jambo mpaka mwisho kabla ya kusema neno. Alimaliza kutafuna, akanywa maji.

"Basi vizuri," akasema. "Ina maana anasoma."

"Anasoma, na hapa yupo."

"Sasa ubaya uko wapi? Manda si zinatoka?"

Baada ya kula alimpigia simu dada yake. Shafina, akiosha vyombo, alimsikia anasema kwamba mtoto yuko darasa la sita, anakaa dirishani, mwalimu anamsifu. Malek alikuwa amemwambia Khatun maneno ya namna hiyo tangu Agosti. Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, hakuwa anadanganya, na sauti yake ilikuwa nyepesi, akacheka kicheko ambacho Shafina hakuwa amekisikia tangu walipohamia nyumba hii. Hakuwahi kucheka hivyo kwa sababu ya Rahima.

Rahima naye alikuwa na lake, ambalo tangu Septemba hakuna aliyemuuliza. Alisikia Kiswahili na Kigujarati vyote viwili na kujibu kwa Kiingereza, na alijibu hivyo sasa.

"Kila swali anajibu yeye," akasema. "Na mwalimu ananiambia nitazame mwandiko wake, nami niandike hivyo. Kwa nini yeye akae dirishani?"

"Ungewahi, ungekaa wewe," Shafina akamjibu kwa ukali uliomshtua hata yeye mwenyewe.

Shafina alisoma mpaka kidato cha pili, Mwanza, miaka thelathini na mbili kabla ya Novemba hiyo. Mwaka huo bibi yake alipooza upande mmoja. Mama alikuwa dukani, na kaka yake, Noordin, alikuwa na mtihani. Shafina alikuwa na mtihani ule ule, lakini hakuna aliyeketi kitako kuamua lolote. Jumatatu asubuhi sare ya Noordin ilipigwa pasi, ya kwake haikupigwa, na hivyo ndivyo alivyojua. Akabaki nyumbani kumgeuza bibi kitandani na kumpikia uji. Siku za mwanzo, akikoroga uji, alilifikiria darasa lake kwa nguvu zake zote: ubao, ufa uliokuwa juu ya ubao, harufu ya wino, jina lake analoitwa na yeye kuitikia. Alifikiri mpaka kichwa kikamgonga. Wiki mbili baadaye rafiki yake alikuja kumsalimia, akamwambia kiti chake bado kitupu, na wameweka ramani juu yake.

Noordin sasa alikuwa daktari wa meno, anakaa Mississauga. Akija kula kwa dada yake husema mbele za watu kwamba mikono ya Shafina ina baraka.

Kwa hiyo Shafina alikuwa ameapa kuhusu Rahima. Binti yake hatashika mwiko mpaka amalize chuo kikuu. Alipenda kulisema hilo jamatkhana, nyumba yao ya ibada, na wanawake wenzake walimwitikia, na lilikuwa kweli. Rahima hakujua hata chumvi inakaa kabati gani. Lakini sasa kila asubuhi, akimwona Mumtaz jikoni na kujua kwamba Mumtaz huyo huyo kule anainua mkono, alijisikia kama mtu aliyesimama foleni miaka thelathini na mbili, kisha akamwona mtoto aliyefika jana anaitwa dirishani. Huyu mtoto alikuwa amefikiri mara moja tu, akiwa na unga mikononi, na mlango ukafunguka. Yeye alifikiri wiki nzima, na wiki ya pili. Nani aliyechagua?

Desemba aliongeza manda kutoka mia mbili kwa siku zikawa mia nne. Alisema ni kwa sababu ya sikukuu. Mumtaz hakulalamika. Jikoni alianza kunong'ona akifanya kazi, na Shafina alipotega sikio alisikia majina ya mito ya Kanada kutoka magharibi kwenda mashariki. Darasani, Rahima alisema, vidole vya Mumtaz havitulii. Hata akisikiliza hadithi anabandua hewa, anaiweka kando, anabandua tena. Theluji ilipoanza, Bi. Ferreira alimtafutia viatu vya baridi kwenye sanduku la vitu vilivyopotea, maana alikuwa anakuja na kandambili. Tangu siku hiyo Mumtaz alisimama mbele ya jiko na viatu vizito vya zambarau, vinavyoacha maji kwenye vigae, na Shafina alimpa kitambaa akayapanguse.

Mwezi wa pili ripoti za wanafunzi zililetwa nyumbani, zote mbili ndani ya bahasha moja kwa kuwa anwani ilikuwa moja. Shafina alizisoma amesimama. Ya Rahima ilisema ni mtoto mwenye tabia njema ambaye angefanya vizuri zaidi akijitahidi. Ya Mumtaz ilikuwa ndefu. Aliikunja mara nne, akaiweka kwenye droo ya karatasi za kufungia sambusa. Lakini Bi. Ferreira alikuwa amempigia Malek pia, na Malek akamwambia mtu, na Ijumaa jamatkhana wanawake wawili walimshika Shafina mkono wakati wa kuvaa viatu.

"Mungu akulipe," mmoja akasema. "Kumsomesha mtoto wa wifi kama wako mwenyewe, si wengi wenye moyo huo."

"Ni wajibu," Shafina akasema. Sifa zile alizipokea, na zilimuunguza njia nzima mpaka nyumbani.

Rahima aliandikishwa masomo ya ziada, kila Jumamosi asubuhi. Alikwenda akinuna.

Mtihani wa hesabu ulikuwa Alhamisi. Rahima alikuwa amejiandaa wiki mbili, na Shafina alikaa naye mezani kila jioni, ingawa hesabu zenyewe alizifahamu nusu nusu. Asubuhi ya mtihani, Rahima alipotoka tu, Shafina alishuka chini akapanda na gunia la vitunguu la kilo kumi. Akaliweka mbele ya Mumtaz.

"Vyote vikatwe leo. Vidogo vidogo."

Mumtaz aliangalia gunia, akaangalia friza ambamo vitunguu vilivyokatwa vilikuwa tayari vimejaa mifuko minne. "Mami, leo kuna mtihani."

"Mtihani uko kule. Vitunguu viko hapa."

Mumtaz akachukua kisu.

Rahima ndiye aliyesimulia jioni. Alisema Mumtaz alianza kutoa machozi kabla hata karatasi hazijagawiwa, na hakuacha kwa saa moja na nusu. Yalimdondoka kwenye karatasi, na yeye akaandika humo humo kwenye maji. Harufu ya vitunguu ilijaa darasa zima, watoto waliokaa karibu na dirisha wakaanza kulia nao, na Bi. Ferreira alivua miwani akafungua madirisha, baridi yote ile.

"Nilimpelekea karatasi za kufutia macho," Rahima akasema.

"Kwa nini?"

Rahima akaendelea kula.

Matokeo yalipotoka, Mumtaz alikuwa amepata arobaini na sita kwa hamsini. Maswali mawili hayakusomeka kwa sababu ya maji. Rahima alipata thelathini na moja.

Sheria inamtaka mwalimu atoe taarifa akimwona mtoto analia bila sababu inayoeleweka, na Bi. Ferreira alitoa. Jumatatu, saa tano asubuhi, kengele ya mlango ililia. Mlangoni alisimama afisa ustawi wa jamii, mwanamke mrefu mwenye kofia ya sufu na mkoba wa ngozi. Shafina alikuwa na kijiko mkononi, na wakati huo huo sufuria ilichemka ikafurika nyuma yake, akaropoka kwa Kiswahili.

"Kumbe dada wa nyumbani!" yule mgeni akasema, akacheka. "Mimi naitwa Benedicta. Nyumbani ni Bukoba."

"Mwanza," Shafina akasema, akasogea kumpisha. "Karibu ndani, baridi."

Walikaa jikoni, ndiko kulikokuwa na joto. Shafina alimwaga chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki. Benedicta alikishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akafumba macho kidogo. Kisha akatoa tableti kwenye mkoba na kumtazama mtoto aliyekuwa anakunja sambusa kwenye kona ya meza.

"Huyu ndiye Mumtaz?"

"Ndiye."

"Leo Jumatatu, saa tano."

"Na shuleni yupo," Shafina akasema. "Piga simu uwaulize."

Benedicta akapiga. Karani alimwomba asubiri, akaenda akarudi. Ndiyo, Mumtaz yuko darasani, wanasoma habari za umeme. Hajakosa hata siku moja tangu Septemba, wala hajachelewa. Ni yeye peke yake darasa zima.

Benedicta alikata simu, akamgeukia Mumtaz. Alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo," Mumtaz akajibu. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, lakini cha kutosha.

"Unapenda shule?"

"Napenda sana."

"Na kucheza? Unacheza saa ngapi?"

Mumtaz alilifikiria swali hilo kwa makini. "Mapumziko niko uwanjani na wenzangu," akasema. "Lakini wakinirushia mpira sidaki. Mikono ina kazi."

"Umechoka?"

Mumtaz alimwangalia Shafina. Shafina aliangalia chai yake.

"Nachoka mara mbili," Mumtaz akasema.

Benedicta aligeukia tableti. Fomu iliuliza kama mtoto anahudhuria shule, akaweka alama kwenye ndiyo. Iliuliza kama saa hiyo mtoto yuko chini ya uangalizi wa mlezi wake, akaweka ndiyo. Iliuliza kama anapata chakula, malazi na nguo za baridi, na alikuwa ameviona viatu vya zambarau. Ndiyo. Alitafuta mahali pa kuandika lile alilolisikia, akapandisha kurasa, akazishusha. Fomu ya karatasi ingekuwa na nafasi pembeni. Tableti haina pembeni. Akaamua kumpigia msimamizi wake. Alisimama karibu na friza akieleza kwa sauti ya chini, na msimamizi akasema kesi za namna hiyo wanazo nne mwaka huu, mbili Kingsview Village, moja Regent Park, na hii ya sasa. Mahudhurio yakiwa kamili, jalada linafungwa.

"Wale wengine nao ni watoto wa ndugu?" Benedicta akauliza.

"Wote," msimamizi akasema.

Alirudi mezani akamalizia chai iliyokuwa imepoa. "Dada Shafina," akasema, "wewe na mimi tunajua hii fomu haisemi kitu."

"Imesema yote. Umeijaza mwenyewe."

"Ungempeleka mzima. Akatoka asubuhi, akarudi jioni, basi. Karatasi hata hawazitaki. Mtoto hafukuzwi shule kwa sababu ya karatasi."

"Nimekusikia," Shafina akasema. Akamfungia sambusa kumi na mbili. Benedicta alisema kazi yake haimruhusu kupokea kitu, akashukuru, akavaa kofia yake. Mlangoni aligeuka kama mtu aliyesahau jambo, akamtazama Mumtaz, kisha akatoka.

Mumtaz alikunja sambusa nyingine, akaifunga kwa uji wa ngano, akaipanga. Shafina alisimama nyuma yake.

"Unafanyaje?" akauliza.

"Nini, Mami?"

"Kufika kule. Unafanyaje mpaka unafika?"

Mumtaz aliacha kukunja. Alieleza kadiri alivyoweza. Mikono inabaki kwenye kazi, akasema, huiondoi. Unafikiria mlango kwa ndani. Halafu kuna mahali kifuani panalegea, kama unapofungua kifungo cha juu, na ukishalegea uko kitini.

Shafina akamtuma chini alete unga. Aliposikia nyayo zimefika ngazi ya mwisho, alisogea mbele ya jiko, akatupa manda kwenye chuma, akaweka mikono yake pale, akafumba macho. Alifikiria mlango wa darasa la Mwanza, rangi yake ya bluu ikibanduka, kitasa cha chuma. Alifikiria ufa juu ya ubao. Mwalimu anaita majina, ameshafika herufi ya nne, ya tano. Alisubiri mahali kifuani palegee. Hapakulegea. Alikaza macho mpaka masikio yakavuma, na alipoyafumbua aliona dirisha, theluji, na pipa la taka la jirani limeangushwa na upepo. Manda ilikuwa imeungua, jikoni kumejaa moshi.

Mumtaz alikuwa amesimama juu ya ngazi na mfuko wa unga kifuani.

"Usikaze, Mami. Ukikaza haiji," akasema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtoto mwenye kupenda kusaidia, akaongeza, "Au labda kile kiti wameshampa mtu."

"Weka unga mezani."

Mumtaz aliuweka. Akafungua dirisha moshi utoke. Akasema, mgongo kwa Shafina, "Mami, kama ningekuwa nakwenda mzima, manda ningezifanya jioni. Mia mbili naweza. Halafu ningechoka mara moja tu."

Shafina alijua kwamba lilikuwa jambo la kusema neno moja. Kesho asubuhi avae koti, aende na Rahima. Neno lenyewe lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini aliiona sare yake ya kidato cha pili, haijapigwa pasi, imetundikwa kwenye msumari ambako ilikaa mpaka nondo wakaila, na hakuna mtu aliyewahi kupita mbele yake akasema kesho vaa hii.

"Mimi hakuna aliyenipunguzia," akasema. "Endelea."

Mumtaz akaendelea, jikoni na darasani, Machi na Aprili na Mei. Watu walizoea. Mwenye duka la barabara ya Sheppard alimwona siku moja mchana, akiwa amebeba katoni na Shafina, na dakika tano baadaye akamwona anapita na wanafunzi wenzake wakielekea maktaba, akawapungia mkono wote wawili. Rahima aliacha kulalamika. Siku nyingine alikaa na Mumtaz jikoni baada ya shule, Mumtaz akamuuliza alichoandika na Rahima akajibu, kwa Kiingereza, na Mumtaz akamjibu kwa Kiingereza hicho hicho, hata Shafina hakuwafuata tena wakizungumza.

Mwishoni mwa Juni shule ilifanya sherehe ya kuwaaga darasa la sita, saa saba mchana, kwenye ukumbi wa michezo. Siku hiyo hiyo kulikuwa na harusi Markham, iliyoagiza sambusa elfu moja, ziletwe jioni zikiwa moto. Shafina alivaa gauni la hariri la rangi ya zumaridi. Alimwacha Mumtaz na makarai mawili ya mafuta, akamwachia simu ya zamani, akamwambia apige kukiwa na jambo.

Ukumbini Malek alikaa mstari wa mbele, simu imeinuliwa, anampigia picha Khatun. Watoto waliitwa mmoja mmoja. Rahima alipewa cheti cha kumaliza, akashuka akitabasamu, na Shafina akapiga makofi mpaka viganja vikauma. Kisha mwalimu mkuu akasema kuna zawadi tatu maalumu. Ya hesabu, Mumtaz. Ya kuandika insha, Mumtaz. Ya mahudhurio, Mumtaz, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi.

Alipanda jukwaani na aproni yake ya kahawia. Mwalimu mkuu alimpa mkono, akaangalia unga ulioganda kwenye kiganja chake, akaupangusa kwenye suruali bila kuacha kutabasamu. Mpiga picha akaomba mlezi wa mtoto apande. Malek alimgeukia mke wake. "Nenda wewe," akasema, macho yamelowa. "Wewe ndiye unayeshinda naye."

Shafina akapanda. Aliweka mkono wake juu ya bega la Mumtaz, akasikia mfupa, na chini ya mfupa mtikisiko mdogo usioisha wa mkono unaogeuza vitu kwenye mafuta. Vyeti vitatu vilikuwa vimeshikwa kifuani. Shafina alisoma jina lililoandikwa juu yake kwa herufi za kupindapinda, na mwiba ule wa kooni ulikuwa bado pale pale, akatabasamu nao. Wanawake aliowajua walimpungia mikono kutoka chini. Mpiga picha alipokuwa anahesabu, lengelenge jekundu likachomoza kwenye kifundo cha mkono wa Mumtaz, likajaa maji, na Mumtaz akavuta pumzi kwa meno.

Simu ya Shafina ikalia. Akaipokea kwa mkono wa pili.

"Mami," Mumtaz akasema kwenye simu, "mafuta yameniruka kidogo. Na yanakwisha. Nifungue debe lile jingine?"

"Zimebaki ngapi?"

"Mia tatu."

"Fungua. Punguza moto, na umalize kabla sijafika."

"Sawa, Mami," Mumtaz akasema, kwenye simu na pale chini ya mkono wake, na mpiga picha akawaomba watabasamu tena kwa sababu mmoja wao alikuwa amefumba macho.